Rezista kabla ya shafti: kwa unayeanza kuweka taa ndani ya joistiki

Joistiki ya kwanza yenye taa niliyomkabidhi mteja ilidumu siku nne. Ilikuwa kwenye kibanda cha gemu kule Mikindani, penye mashine mbili za kusimama zilizoundwa kwa mbao, kila moja na kompyuta iliyotumika ndani yake. Mwenye kibanda alitaka vichwa vya joistiki viwake buluu usiku. Wachezaji wake wengi ni vijana wanaoingia jioni baada ya kazi, na msimu wa korosho ukifika pesa inakuwepo mkononi, kibanda kinajaa mpaka nje. Nilifunga Jumatatu. Ijumaa jioni akanipigia: "Fundi, mashine imezima, na kuna harufu ya kitu kinaungua."

Nilichokikuta nakieleza polepole, maana karibu kila ninachotaka kukwambia kimo humo. Shafti ya joistiki ile, yaani fimbo yake ya chuma, ilikuwa na tundu katikati, kutoka juu hadi chini, na nyaya mbili zilipita humo kwenda kwenye LED, ile taa ndogo, iliyokaa ndani ya kichwa. Chini, pale tundu linapoishia, nilikuwa nimeuacha ukingo wa chuma vilevile ulivyotoka kwenye drili, mkali. Kila mchezaji aliposukuma kushoto na kulia, ukingo ule uliparua ngozi ya waya. Siku nne zikatosha. Shaba ya nyaya zote mbili ilikuwa wazi, na zote mbili zimegusa chuma cha shafti. Rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme, nilikuwa nimeilehemu juu kabisa, ndani ya kichwa, karibu na LED, kwa sababu huko ndiko nilikoona nafasi. Kwa hiyo kutoka tundu la USB la kompyuta mpaka pale nyaya zilipogusana hapakuwa na kizuizi chochote. Ikapiga shoti, nyaya zikapata moto, ngozi ikayeyuka, na tundu la USB likafa. Nililipia uharibifu ule kwa fedha ya kazi nyingine tatu.

Sasa ihamishe rezista ileile. Itoe kichwani, iweke chini kabisa, upande wa chanya, kabla waya haujaingia kwenye shafti. Nyaya zikichunika zikagusana, umeme wa volti 5 utalazimika kupita kwenye rezista ya omu 330 kwanza. Gawanya 5 kwa 330: unapata miliampea 15 hivi. Hiyo ni kidogo mno kuunguza kitu. Rezista yenyewe itabeba chini ya moja ya kumi ya wati, na zile ndogo za kawaida zinahimili robo wati. Taa itazimika, basi. Mchezo utaendelea, kompyuta itabaki salama, na wewe utaitwa kurekebisha taa badala ya kuitwa kulipa. Kwa LED rezista inafanya kazi sawasawa ikiwa juu au chini, lakini kwa joistiki tofauti ni kubwa, kwa sababu joistiki ina waya unaotembea, na waya unaotembea iko siku utachunika tu.

Ndiyo maana kijana akija kwangu hapa Magomeni ya Mtwara kutaka kujifunza, simwanzishi na taa. Namwanzisha na joistiki tupu. Aifungue, aione inavyokwenda. Ukiigeuza kichwa chini utaona maikroswichi nne, moja kwa kila upande, na katikati ncha ya shafti iliyovaa kipande cha plastiki kinachozibonyeza. Shafti inashikwa na springi, na springi inazuiwa na kibanio kidogo cha chuma chenye umbo la herufi E. Kibanio hicho kitoe kwa bisibisi bapa huku umekifunika kwa kiganja cha mkono mwingine. Kikiruka kwenye sakafu ya mchanga hukipati tena, na hapa mjini kwetu hakuna duka linalokiuza kimoja kimoja.

Ukishaifungua, shika kichwa ukizungushe. Utaona shafti nzima inazunguka nayo, haina mwisho. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanafikiria waya utapinda kulia na kushoto tu kidogo kidogo, kumbe mchezaji akiwa anasubiri zamu kuanza anakichezea kichwa kwa vidole, anakizungusha tu. Mizunguko kumi upande mmoja, na waya wako chini umesokotwa kama ukili.

Dawa niliyoizoea ni hii. Waya ukitoka chini ya shafti, uache na ziada ya sentimita kumi na mbili hivi, uviringishe kwenye kalamu mara tatu au nne upate umbo la springi legevu, kisha ushike mwisho wake kwenye boksi kwa tone la gundi ya moto. Springi hiyo ya waya inakula mizunguko kadhaa bila kulalamika. Kisha mwambie mwenye mashine wazi kwamba kichwa hakizungushwi ovyo. Niliwahi kujaribu njia nyingine: plagi ya hedifoni na tundu lake chini ya shafti, kwa kuwa plagi ile inazunguka ndani ya tundu bila kikomo. Inafanya kazi, lakini baada ya wiki chache taa ikaanza kupepesa kila kichwa kilipoguswa, na mteja anachukia taa inayopepesa kuliko taa iliyokufa. Nikarudi kwenye springi ya waya.

Aina ya waya ina uzito kuliko rangi ya taa. Usichukue ule waya mwembamba wa shaba wa kusukia mota. Unapita vizuri kwenye tundu, unapendeza, lakini ni mshipa mmoja mgumu na unakatika ukipindwapindwa. Waya ninaoupenda unatoka kwenye earphone zilizokufa. Ndani yake kuna vinywele vya shaba vingi vilivyochanganywa na nyuzi laini za kitambaa, umetengenezwa kwa ajili ya kupindwa mfukoni mchana kutwa. Shida yake ni moja: vinywele vile vimepakwa vanishi, risasi ya kulehemu haishiki. Weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, zamisha ncha ya waya ndani ya tone pamoja na pesti, ile dawa ya kulehemu, subiri sekunde mbili tatu mpaka uone moshi kidogo na rangi inageuka kuwa ya fedha. Sasa una waya unaolehemeka. Mtaa mzima unatupa earphone. Mimi watoto wa jirani wananiletea.

Kuhusu tundu la shafti. Shafti nyingi ni chuma kigumu kisicho na tundu. Zipo za tundu zinazouzwa tayari kwa kazi hii, na ukipata mtu wa kukuagizia Kariakoo zikaja na mzigo wa basi, nunua, usijute gharama. Ukiamua kutoboa mwenyewe, usitoboe kwa drili ya mkononi. Drili inapotea njia, inatokea ubavuni. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Hapo tena hesabu: sehemu ya juu inayoingia kwenye kichwa cha joistiki za Kijapani kama Sanwa ni skrubu ya milimita 6, lakini ukiondoa kina cha meno yake, chuma kizima kilichobaki ni kama milimita 4.8 tu. Toboa tundu la milimita 3 na ukuta unaobaki kila upande haufiki milimita moja. Mchezaji mwenye mkono mzito ataikata shingo hiyo. Mimi siendi zaidi ya milimita 2, na nyaya mbili za earphone zinapita humo zikibembelezwa. Kisha chukua biti kubwa kuliko tundu, uizungushe kwa mkono pale mdomoni, juu na chini, mpaka ukingo ule mkali uondoke, umalizie kwa msasa uliokunjwa. Pitisha pamba ndani. Ikinasa popote, bado hujamaliza.

Kuna jambo dogo ambalo sikuambiwa na mtu. Chini ya shafti kwa kawaida pana mfereji wa bisibisi, wa kuishikilia isizunguke wakati unafunga kichwa. Ukishapitisha nyaya katikati ya mfereji huo, bisibisi itazikata. Funga kichwa kwanza, nyaya zikining'inia huru chini bila kuunganishwa na kitu, huku shafti umeishika kwa koleo lililofungwa kitambaa. Zikisokotwa kidogo, zinyooshe. Kiungo cha chini kiwe cha mwisho kabisa.

Sasa taa yenyewe, na hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. LED nyekundu inataka volti 2 hivi. Nyeupe, buluu na nyingi za kijani zinataka karibu 3.2. USB inakupa 5. Kwa nyekundu zinabaki volti 3, ukiweka rezista ya omu 330 unapata miliampea 9. Kwa buluu inabaki 1.8, ukiweka omu 220 unapata 8. Hiyo inatosha kabisa. LED ya kawaida ya milimita 5 kikomo chake ni 20, na ukiipeleka huko itamuumiza macho mchezaji. Rezista ya 330 ina mistari ya chungwa, chungwa, kahawia. Ya 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukishaikata miguu, angalia ukingo wa chini wa plastiki, upande uliopunguzwa ni hasi. Kila LED ipewe rezista yake. Ukizifunga LED tano sambamba kwenye rezista moja, hazilingani kikamilifu, moja itavuta zaidi, itang'aa peke yake na itatangulia kufa.

Kosa la taa linaloonekana mara nyingi ni la mahali mwanga unapokwenda. LED yenye kichwa angavu inarusha mwanga mbele kama tochi. Ukiisimamisha ndani ya kichwa cha joistiki, mwanga wote unapanda juu, na juu ndiko kiganja kilipo. Mchezaji anashika, taa haionekani, mteja anasema umemwekea taa hafifu. Sugua LED yote kwa msasa wa namba 400 mpaka iwe na ukungu kama kioo cha bafuni. Sasa mwanga unatoka pande zote, na kichwa cheupe cha maziwa kinawaka hadi shingoni, chini ya vidole, ambako watazamaji wanauona.

Unapolehemu, chuma kiwe kama nyuzijoto 350 na usikae zaidi ya sekunde tatu kwenye mguu wa LED. Ikikushinda, iache ipoe, rudi tena.

Jambo la kuunganisha waya wa taa na waya wa swichi, nakuomba uliache mpaka uwe mzoefu. Alikuja kijana kutoka Shangani na joistiki aliyojifungia mwenyewe, kila kitu kizuri, risasi safi, lakini kwenye gemu mchezaji wake alikuwa anapanda juu mwenyewe bila kuguswa. Alikuwa amebadilisha swichi mara mbili. Niliikagua nikaona LED yake, akitaka iwake muda wote, ameichomeka kati ya waya wa swichi ya juu na hasi. Bodi ndogo ya USB, ile inayosoma swichi na kuiambia kompyuta, inaushikilia kila waya wa swichi kwenye volti ya juu kupitia rezista dhaifu, na inasubiri swichi iuvute mpaka hasi ndipo ijue umebonyeza. LED yake ilikuwa inauvuta waya ule chini nusu njia, muda wote. Bodi ikasoma: amebonyeza. Tuliitoa LED pale, tukaipeleka kwenye volti 5 yenyewe ya bodi, ugonjwa ukaisha dakika hiyohiyo. Umeme wa taa uchukue kwenye waya mwekundu na mweusi wa USB, na nyaya za swichi uziache na kazi yake.

Neno pia kuhusu mikanda ya taa ya bodaboda. Iko kila duka la vipuri, bei nzuri, na kila anayeanza anaiona hiyo kwanza. Ni ya volti 12. Kila kipande kina LED tatu zimepangwa mfululizo, kwa hiyo kwenye volti 5 nyeupe haiwaki. Ndipo mtu anapoleta adapta ya volti 12 ndani ya boksi moja na bodi ya volti 5, na siku waya mmoja unapochomoka na kugusa bodi, bodi imekwenda. Usiingize volti 12 ndani ya boksi la joistiki. Na kama unataka zile LED zenye chipu ndani, WS2812B, zinazobadilisha rangi, kumbuka kila moja ikiwaka nyeupe kamili inakula kama miliampea 60. Nane zinakuwa 480, na tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa 500. Zipunguze mwanga kwenye programu kabla hujazijaribu kwenye kompyuta ya mtu.

Baada ya yote hayo utaniuliza kama ipo njia isiyo na waya unaotembea. Ipo, na kwa kazi zako tano za mwanzo ningependa ufanye hiyo. Acha shafti kama ilivyo. Weka taa chini yake, kwenye boksi, na uso wa juu wa boksi uwe akriliki angavu. LED sita zikiwa duara kuizunguka shafti, zinawaka kutoka chini, hakuna kinachopinda, hakuna kinachochunika. Uzuri wa akriliki ni kwamba ukiielekezea LED kwenye ukingo wake, mwanga unasafiri ndani ya plastiki bila kuonekana mpaka ukutane na mchubuko, hapo ndipo unatokeza. Ukiuchora upande wa chini kwa ncha kali, mchoro unawaka wenyewe.

Boksi ninalolipenda kuliko yote niliyotengeneza lilichorwa na mzee mchonga vinyago, Mmakonde, ambaye hajawahi kucheza gemu. Nilimpelekea akriliki ya milimita 5 nikamwomba achore upande wa chini, kinyume, maana utatazamwa kutoka juu. Aliigeuzageuza, akaichunguza kwenye jua, akaniuliza mwanga utatokea upande gani. Nikamwonyesha. Akachora watu wanapandiana mabegani kuzunguka tundu la shafti, mistari ya ndani akaikwaruza kwa kina, ya nje kwa wepesi. Nilipowasha, watu wa ndani waling'aa sana na wa nje wakafifia, kana kwamba wanatoka gizani. Mimi nisingewaza kubadilisha kina cha mkwaruzo. Tangu siku hiyo kazi ya kuchora naipeleka kwake na namlipa kabla ya mteja kunilipa mimi.

Hewa yetu ya chumvi nayo inakula kazi. Ukiacha kiungo cha risasi na pesti juu yake, miezi michache baadaye utakikuta kimeota kijani. Safisha kila kiungo kwa spiriti na mswaki wa zamani, kaushe, kisha pakaa rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Tabaka moja linatosha. Usiipake kwenye miguu ya maikroswichi inayoingia plagi, hapo utazuia umeme kupita. Springi na shafti zipate grisi kidogo sana, na isifike kwenye swichi.

Kabla sijaichomeka popote, naipima kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio, kati ya hasi na waya wa chanya pale unapotoka kwenye rezista: isilie. Naizungusha joistiki pande zote huku mita ikiwa bado imeshika, kwa maana shoti ya waya unaotembea hujitokeza tu shafti ikiwa imelala upande fulani. Kisha naiwasha taa kwa chaja kuukuu ya simu na waya wa USB uliokatwa, kamwe si kwa kompyuta. Ikikaa nusu saa bila kupata joto, ndipo inaingia kwenye mashine.

Na kabla ya kumwita mwenyewe, nawaita watoto wa jirani. Nawaachia saa nzima wacheze wanavyojua wao, wazungushe kichwa, wapigane zamu, wavute. Mimi nakaa pembeni, taa ya chumba nimeizima, naangalia kichwa kile cha buluu kama kinapepesa.